Samadari ya Mshindi

Riziki ya Kheir ilimpitia mbele ya macho ikiwa ndani ya simu ya mgeni. Asubuhi nzima alikuwa akiwatembeza mume na mke wa Kiholanzi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akiwaonesha milango ya masultani iliyochongwa mwaka juzi na kuwasimulia vifo vya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Sasa walikuwa wamekaa kwenye baraza moja Shangani wakinywa kahawa. Yule mke alikuwa anatazama majina ya watu yenye namba pembeni. Kheir, ambaye macho yake hayajawahi kuona haya mbele ya vitu vya wenzake, alidhani ni mpira, akauliza timu gani inaongoza.

Si timu, akaambiwa. Ni waandishi. Mwezi wa kumi hutangazwa ile tuzo ya fasihi iliyo kubwa kuliko zote duniani, na huko kwao watu huweka pesa kubashiri nani ataichukua, sawasawa na wanavyobashiri farasi. Kheir alishangaa kwa dhati, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Alijua watu wanabeti mipira na ndondi, na hata uchaguzi. Hakujua kwamba mtu anaweza kubetiwa akiwa amejifungia chumbani na kalamu yake, hana habari.

Ndipo yule mke akauliza kama kuna yeyote kati ya hao aliyewahi kufika Unguja. Mtu mwaminifu angejibu kuwa hajui. Kheir aliliwekea kidole jina la juu kabisa, Lorens Havikka, mzee wa nchi za theluji ambaye inasemekana hazungumzi na waandishi wa habari, kisha akakinyoosha kidole hicho hicho kwenye mlango uliokuwa karibu.

"Alikaa mle. Kwa jina la uongo. Wakubwa hawasemi wanapokwenda."

Wageni wakaupiga picha mlango ule mpaka paka waliokuwa wamelala kizingitini wakaondoka. Jioni walihama hoteli yao wakaja kupanga humo humo. Ilikuwa nyumba ya wageni ya Muhiddin, nayo kwa muda mrefu ilikuwa haina mgeni ila mvua.

Hapa inabidi tuseme jambo kwa heshima zote. Mji wetu unawapenda waandishi sana, khasa wale ambao hakuna aliyewasoma. Mwandishi aliyesomwa ana hatari zake; huenda amesema kitu. Asiyesomwa hutundikwa ukutani akatulia. Kheir aliliona hilo kabla kahawa haijapoa. Akaona pia kwamba kamari ni haramu, mama yake amemlea hivyo, na yeye si mtu wa kumvunjia mama yake malezi. Hatabeti. Atauza vitanda.

Kwa nini vitanda? Kwa sababu mlango haubebeki, na kwa sababu kutoka Shangani mpaka Kendwa hakuna hoteli isiyotaka samadari, kile kitanda kirefu cha mabibi zetu chenye miguu ya kuchongwa na vioo vya rangi kichwani. Za zamani zilishakwisha. Wanaonunua vitu vya kale walizipitia nyumba moja moja wakazimaliza. Lakini Mtoni alikuwepo fundi mmoja, Ubwa, aliyeweza kuunda mpya, akaiosha kwa chai kali, akaifukiza kwa makumbi ya nazi, kisha akaifungia katika banda la kuku. Samadari ya Ubwa ikitoka bandani unaona haya kuipita bila ya kuiamkia.

Ya kwanza akaipeleka kwa Muhiddin. Akamweleza kwamba binamu yake ndiye dereva wa mwenyekiti wa jopo la waamuzi, na dereva husikia kila kitu. Kwamba mwaka huu ni Havikka, hapana shaka. Na kwamba samadari hii ndiyo aliyoilalia mzee yule alipougua homa, akaandika kitabu chake kikubwa huku akitapika. Muhiddin alitaka kujua kitabu kinahusu nini. Kheir akamjibu kwamba kinahusu binadamu. Muhiddin akatikisa kichwa kwa masikitiko, akalipa.

Ya pili ilikwenda kwa Bi Shadya wa Kiembe Samaki, mwenye vyumba vya wageni wanaolala usiku mmoja kusubiri ndege. Yeye alipewa Perpetua Quintas, mwanamke aliyekuwa wa pili katika yale majina ya simuni, aliyekilalia kitanda hicho akilia kwa sababu ya mume. Binamu alikuwa yule yule, na alikuwa amesikia vingine. Kila mnunuzi aliapishwa asimwambie mtu, maana siri ya namna hii ikijulikana inaharibika. Kwa pesa za vitanda hivyo viwili Kheir alijinunulia Vespa ya buluu, akawa anapita nayo kwenye maskani ya wenzake bila ya kuwa na safari.

Wa tatu alikuwa Mmanga wa Kendwa.

Mmanga ni jina tu, mwenyewe ni Mtumbatu, mtu mzima, mwenye hoteli ya ufukweni na ndevu zilizopangwa vizuri. Kheir alimpelekea samadari ya Ubwa juu ya gari. Mzee akaizunguka, akaigonga mguu, akainama akainusa, kisha akacheka taratibu na kumwagizia mgeni wake kahawa. Akamwambia airejeshe kwa kuku kabla hawajaanza kuiulizia. Yeye alitaka samadari ya kweli. Akipata ya kweli, iliyolaliwa na mshindi wa kweli, atatoa pesa ambayo Kheir hakuwahi kuishika kwa mkono mmoja. Ila kwa sharti: huyo mwandishi asiposhinda, Kheir atachukua kitanda chake na kurejesha pesa. Akishinda, kitanda ni cha Mmanga na hakuna tena la kuzungumza.

Kheir alirudi mjini juu ya Vespa, akilifuata gari lililobeba samadari ya Ubwa. Samadari ya kweli alikuwa anaijua moja tu. Ilikuwa nyumbani kwao, katika chumba cha mama yake, Bi Shemsa. Bi Shemsa aliingia nayo siku ya harusi yake. Kheir na dada yake, Duni, wamezaliwa juu yake. Baba yao alikata roho juu yake huku mkewe amemshika mkono, na tangu siku hiyo kila alfajiri Bi Shemsa hukaa pale pale alipokuwa amemshika, akavuta uradi wake mpaka jua litoke. Kheir alikuwa mtu wa kuuza chochote, lakini kitanda kile alikipenda, na alimwogopa mama yake. Mama huyo akimtolea radhi, basi amekwisha, duniani na akhera.

Lakini mama alikuwa Pemba. Duni amejifungua, na bibi wa mtoto haondoki mpaka arubaini itimie.

Akili ya Kheir ikafanya kazi yake. Kama mwandishi asiposhinda kitanda kinarudi, basi dawa ni kumpa Mmanga mwandishi ambaye hawezi kushinda. Akafungua simu, akayateremka majina mpaka chini kabisa. Huko alikuwepo Runa Halvgard, mshairi wa kisiwa cha baridi chenye kondoo wengi kuliko watu. Hata walevi hawakumbetia. Kheir alimpenda papo hapo. Kitanda kitakwenda Kendwa, kitakaa, mwanamke huyu atashindwa kwa heshima, kitanda kitarudi mama hajafika. Kwa hivyo hakukiuza, alijiambia. Amekiazima. Alichokitaka ni pesa ile imzalie kidogo kabla hajairejesha.

Majirani walipoona samadari inatolewa waliambiwa imeingia mchwa, inakwenda kwa fundi. Kendwa, Mmanga aliigonga mguu, akainusa, na safari hii hakucheka. Akamsikiliza Kheir kwa adabu: jinsi Runa Halvgard alivyokuja kimya kimya, akapanga nyumbani kwao, akaandika mashairi yake yote ya maana juu ya kitanda hiki. Kisha mzee akauliza swali moja. Mwenyewe nani? Samadari haiuzwi na mwanamme. Ni ya mwanamke aliyeingia nayo, na yeye hajapata kununua ila kwa kauli ya mwenyewe.

Kheir hakuwa amejitayarisha kwa hilo. Ulimi ukamtangulia.

"Ilikuwa ya mama, ami. Mama hatunaye tena."

Mmanga akasema innalillahi. Akauliza jina la marehemu na watoto aliowaacha, akajibiwa ni Bi Shemsa, na watoto ni wawili, yeye na Duni aliyeolewa Pemba, Wete. Mzee akainua mikono akamwombea dua ndefu Bi Shemsa, apanuliwe kaburi lake na asamehewe makosa yake, na Kheir, mikono imeinuliwa, hakuwa na la kufanya ila kuitikia amin. Alipofika Mahonda, njiani kurudi mjini, alishajisamehe.

Siku zikasogea. Kheir akawa anaangalia yale majina simuni asubuhi na jioni, na kila alipomkuta Runa Halvgard bado yuko chini alipata usingizi. Halafu siku moja, kwa kuwa mtu huwa anataka kumjua adui yake, akatafuta mashairi yake. Alikuta machache kwa Kiingereza. Akasoma moja, la mwanamke anayetia samaki chumvi kwa ajili ya mtoto ambaye hatarudi nyumbani. Akasoma la pili. Akarudia la kwanza. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kwa namna iliyomkera, na katika kisiwa kizima ambamo watu watatu wameshanunua vitanda vya waandishi, aliyewahi kusoma walau ukurasa mmoja alikuwa ni tapeli. Kheir akafunga simu na kujiliwaza kwamba kwa uzoefu wake wa dunia, kilicho kizuri hakipewi kitu.

Alhamisi ya kutangazwa alikuwa barazani, kahawa mkononi, anaangalia mlango mweupe katika simu. Mlango ukafunguka. Akatoka mtu wa suti, akasoma maneno marefu ya kwao, na katikati ya maneno hayo Kheir akasikia, wazi kabisa, Runa Halvgard.

Muhiddin ndiye aliyepiga simu kwanza. Alikuwa analia kwa hasira: Havikka yuwapi? Mdomo wa Kheir, ambao huendelea na kazi hata mwenyewe akiwa hayupo, ukamwambia kwamba Havikka amedhulumiwa, ulimwengu mzima unajua, na kitanda cha aliyedhulumiwa kina heshima zaidi kuliko cha aliyepewa. Muhiddin akakiri kwamba hilo hakuliwaza. Jioni ile ile akawa anawasimulia wageni wake dhuluma hiyo kwa uchungu, na wageni wakawa wanakigusa kitanda kwa ncha za vidole. Bi Shadya naye akapozwa hivyo hivyo. Kheir alifunga simu, akapanda Vespa, akakimbilia Kendwa.

Alikuta samadari ya mama yake imewekwa ukumbini, imezungushiwa kamba nyekundu, na wazungu wamejipanga kupiga picha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Karibu, mleta bahati."

Kheir akaomba arejeshewe kitanda, naye arejeshe pesa yote. Mmanga akamkumbusha sharti. Kheir akasema amekuja kugundua kwamba huyo mshairi huenda hakukilalia. Mzee akamtazama kwa huruma, akamrudishia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine: jinsi mwanamke yule alivyokuja kimya kimya, jinsi alivyokaa upande huu wa dirisha, jinsi alivyosema kwamba godoro hili lina pumzi. Aliyasema vizuri kuliko Kheir alivyoyasema. Wageni wawili wakasogea kusikiliza, na mmoja akafuta chozi. Kheir akaondoka mikono mitupu.

Njiani simu ikalia. Alikuwa Bi Shemsa. Arubaini imekwisha, mtoto mzima, yeye anakuja na boti ya kesho.

Alifika adhuhuri. Akavua buibui, akanawa, akaingia chumbani kwake, na Kheir akiwa ukumbini akahesabu pumzi zake.

"Kheir."

"Naam, mama."

"Kitanda changu kiwapi?"

Akasema wezi. Aliyasema hayo huku anaangalia sakafu, akaongeza kwamba walikuja yeye hayupo, na kwamba hakutaka kumtia mama wasiwasi na yuko safarini. Bi Shemsa hakupiga kelele wala hakulia. Alikaa kwenye mkeka mahali palipokuwa na kitanda, akatengeneza kanga yake kichwani.

"Basi hapana tabu. Kesho baada ya alasiri n'tawapa masheikh wanisomee halbadiri. Aliyekichukua na akijue."

Kheir alikuwa haamini mengi. Haamini binamu zake mwenyewe. Lakini kisomo cha halbadiri, kinachosomewa mwizi asiyejulikana mpaka kikamfika popote alipo, alikiamini kwa mwili mzima. Alikua akisikia habari za watu waliovimba matumbo, waliotoka wakipiga kelele barabarani na kitu cha wizi mikononi. Na hapa mama mzazi ndiye atakayekisomesha, bila ya kujua kwamba anamsomea mwanawe. Akajaribu kumwambia mama kwamba huenda mwizi alikuwa na shida. Bi Shemsa akajibu kwamba shida hiyo ataieleza tumbo likishamvimba.

Usingizi haukumjia. Kulipokucha alikuwa Kendwa. Hakubishana tena. Alimpa Mmanga pesa yote aliyoipokea kwake, haikupungua hata noti, na Mmanga akasema hiyo ni bei ya kitanda cha mshairi aliyeshindwa. Akatoa akiba yake yote. Mzee akaangalia bahari. Kheir akatoa funguo ya Vespa, akaiweka mezani, na hapo Mmanga akawaita vijana wake wakapakie samadari kwenye gari.

Samadari iliingia nyumbani kabla ya alasiri. Bi Shemsa akapitisha kiganja kwenye mbao, akagusa kioo kimoja kimoja cha kichwani, kisha akakaa pale alipozoea kukaa. Kheir alimwona amekaa pale na moyo ukamlegea. Akapiga magoti sakafuni, akasema yote: kwamba hakukuwa na wezi, kwamba ni yeye, kwamba alimtegemea mwanamke mmoja wa kisiwa cha kondoo ashindwe na hakushindwa. Akamwomba mama yake asimtolee radhi.

"Umemaliza?"

Kheir akasema amemaliza.

"Hakuna jingine?"

Akasema hakuna. Nje ikasikika Vespa inasimama. Mtu akapiga hodi, na aliyeingia alikuwa Mmanga, na bahasha nene kwapani. Akamsalimia mwenye nyumba kwa heshima, akaiweka bahasha juu ya samadari na funguo juu ya bahasha.

"Amana yako hiyo, Bi Shemsa. Mie fungu langu nshalitoa. Ubwa kaniletea ile ya kuku nimeiweka pale pale penye kamba. Wageni wanaipiga picha, hawana habari."

Kheir alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili.

"Kijana," Mmanga akamwambia, "mtu akinambia kafiliwa na mama mie n'nyamaze? Niliitafuta simu ya dadako nimpe mkono wa pole. Akapokea marehemu mwenyewe."

Kheir aliona haya ambayo hakuwa anajua kwamba bado anayo, haya ya mtoto mdogo, na alitamani masheikh waje wakisome kisomo chao kimalizike. Alikuwa ameuza milango isiyo yake na waandishi asiowajua, lakini alikuwa amemzika mama yake angali hai na kuitikia amin. Hakuthubutu kuinua uso.

"Nlikuwa nambembeleza mtoto," Bi Shemsa alisema. "Mtu ananipa pole kwa kifo changu, anasema mwanao kasikitika sana. Nikamwambia akiweke tu kitanda, akitie na dawa ya mchwa. Nataka nione mwanangu ananiuza mpaka wapi."

Kheir akauliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, kuhusu halbadiri.

"Nimsomee halbadiri mwanangu wa kumzaa? Nna wazimu mie?"

Akamnyanyua uso kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akimfanya udogoni akirudi na uongo kutoka chuo cha Kurani. Akamtazama sana. Kisha akamwekea mkono kichwani, akasoma alichosoma, akampulizia. Kheir alilia kweli, machozi ya bure yasiyokuwa na mteja. Mmanga aligeuka akaangalia ukuta, kumsitiri.

Alipomaliza kulia akajifuta, akavuta pumzi, na kwa kuwa mtu hawezi kuacha kazi yake kwa siku moja, jicho lake likateremka kwenye bahasha na funguo. Akauliza kwa upole, kwa ile sauti yake ya barazani, kama sasa mambo yamekwisha na mama amemridhia, basi na vile navyo si ingefaa arejeshewe mwenyewe.

Bi Shemsa aliichukua bahasha, akaichukua na funguo, akavitia vyote chini ya mto, akajilaza juu yake na kufunga macho.

"Radhi nshakupa, mwanangu," alisema. "Pesa ndo sikupi."